Bima ya Honi

Wapendwa, fungeni vitabu kwanza. Somo tutalirudia, lakini leo nataka kuingilia mlango wa uani, maana ule wa mbele mmeuzoea mno. Nikianza tu kuhubiri, nusu yenu mnaanza kufikiria mchana mtakula nini. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, mlioficha helmeti chini ya benchi, msiinamishe vichwa. Mfano huu ni wa mwendesha bodaboda, ila sikumchukua kati yenu. Nimemtunga mwenyewe. Kofia ikikuenea, si mimi niliyekupima kichwa.

Basi, katika mji fulani aliishi kijana mmoja mwenye mke na pikipiki. Navitaja kwa pamoja kwa sababu yeye mwenyewe alivitaja hivyo, na siku nyingine pikipiki ilitangulia. Jina alilopewa na baba yake watu walikwisha kulisahau. Kijiweni walimwita Kisiki, kwa kuwa lori likija mbele yake hakuwa mtu wa kupisha. Miaka mingi aliendesha pikipiki ya bosi, akapeleka hesabu kila jioni, akala muhogo mkavu na maji, mpaka akanunua ya kwake. Siku aliyoipata aliiosha kabla haijachafuka. Watu wa namna hiyo mnawajua, na baadhi mmeolewa nao.

Sasa, pikipiki ikiwa ya bosi, bima ni ya bosi. Ikiwa yako, bima ni mzigo wa kichwa chako. Trafiki walimsimamisha mara ya kwanza, akawaomba wakamwachia. Mara ya pili akawapa hadithi ya mtoto mgonjwa, na mtoto mwenyewe hajamzaa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Akamwambia, "Mume wangu, hadithi hiyo ina mwisho wake. Katafute bima, hata ya bei ya chini."

Akaenda. Jirani na kituo cha mafuta palikuwa na dada aliyeuza bima chini ya mwavuli, na kiti cha plastiki mbele yake kwa ajili ya mteja. Kisiki hakukaa.

"Dada, habari za kazi."

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Nataka bima ya bei nafuu kabisa. Nipe ile ndogo, maana na pikipiki yenyewe ni ndogo. Hiyo kubwa wauzie wenye malori."

Dada akatabasamu, bila dharau. "Kaka, si ukubwa wa chombo. Bima kubwa inakuangalia wewe, chombo chako na wengine pia. Bima ndogo inamwangalia mtu wa tatu tu."

"Mtu wa tatu ndiyo nani?"

"Wewe ni wa kwanza. Kampuni ni ya pili. Wa tatu ni yule utakayemgonga."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado, kaka. Atalipata siku hiyo."

Kisiki akamtazama kama mtu anayeuziwa kuku aliye kwenye yai. Bei ilibebeka, tusimsingizie. Alikuwa akitumia zaidi ya hapo kwa taa za urembo na maua ya plastiki kwenye usukani. Kilichomkwama kooni ni kumlipia mtu asiyemjua. "Yaani nitoe jasho langu," akasema, "halafu nikianguka mimi nipewe pole, alipwe mtu ambaye hata sura sijaiona? Huyo mtu wa tatu sina undugu naye. Akatafute bima yake."

"Sawa, kaka," dada akajibu. "Mimi nipo hapa kila siku."

Alipofika kijiweni akayasimulia yote, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondoka kwenye pikipiki iliyosimama. Kuanzia hapo "mtu wa tatu" likawa neno la kijiwe. Mwenzao akija kuomba hela ya mafuta, anaambiwa, huyo mtu wa tatu kafika. Mbwa akipita anachechemea, wanaitana: njooni mwone mtu wa tatu. Hivyo ndivyo tulivyo. Tukitaka kumkimbia mtu, kwanza tunamfanyia utani.

Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua analovaa hata jua likiwaka. Akamshika Kisiki bega. "Achana na karatasi, mdogo wangu. Sisi tunayo bima. Haina foleni, haina risiti. Unaijua." Akaegemea pikipiki yake na kubonyeza honi, ndefu, bila kuachia. Papo hapo kutoka mtaa wa pili ikajibu honi nyingine, na kutoka sokoni nyingine, na kabla hajaondoa kidole pikipiki zilikuwa zinamiminika kutoka kila uchochoro. Walipokuta ni mzaha wakatukana kidogo, wakaondoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa bima ya honi. Mmoja wao akipata ajali, amegonga au amegongwa, anapiga honi ndefu na wote wanafika. Hawaulizi nani kakosa. Wakifika, kosa linahamia kwa yule asiye na pikipiki. Mwenye gari dogo akizungukwa na helmeti hizo anashusha kioo akiomba msamaha kwa jambo ambalo hata halijui. Umoja ni nguvu, ndivyo walivyosema, na nani atawabishia? Methali ni ya kweli. Hata fisi wanaijua.

Nawauliza, Kisiki alikuwa mjinga? Msiharakishe kujibu. Mtu aliyedharauliwa na kila mwenye gari, anayefukuzwa hapa na kukamatwa pale, akipata watu wa kufika anapoita, utamwambia nini? Mimi simcheki kwa hilo.

Siku moja Kisiki alikuwa anawahi abiria. Akatoka nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anatembea pembeni mwa barabara na ndoo ya dagaa kichwani, akamgusa kwa ubavu wa usukani. Mama akaangukia mkono. Dagaa wote mchangani. Kisiki akasimama, na moyo wake, lazima tuseme haki, ulishtuka. Alitaka kuinama. Lakini watu walianza kusogea, na mmoja akasema aitwe trafiki, na Kisiki hana bima. Kidole kikaenda kwenye honi.

Walifika. Mwenyekiti na koti lake akashuka wa kwanza, akamsimamia yule mama kwa juu. "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?"

Mama akajiinua akakaa. Aliwatazama wote walivyomzunguka, akaokota dagaa kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukumbatia kifuani, akatia kwenye ndoo pamoja na mchanga, akaenda zake. Abiria wa Kisiki hakuchelewa hata kidogo. Jioni kijiwe kikasema, unaona? Bima imelipa. Lakini aliyelipa ni nani, wapendwa? Mbona hatumuulizii? Bima ya bure siku zote kuna mtu anaigharamia, ila risiti haandikiwi.

Siku zikapita. Pikipiki ya Kisiki ikaanza kuvuja oili, akaipeleka kwa fundi, na fundi akaifungua injini yote akaitandaza kwenye gunia. Siku hiyohiyo kulikuwa na kikao cha harusi ya shemeji yake, upande wa pili wa mji, mitaa ambayo Kisiki hana mazoea nayo. Akavaa suti ya mtumba aliyopunguziwa na mkewe kiunoni, na viatu vyeusi, akaenda kwa miguu. Mwendesha bodaboda kwa miguu, ndani ya suti. Hata mama yake mzazi angempita.

Alikuwa kwenye kivuko cha miguu, penye mistari myeupe. Gari lilisimama kumpisha. Nyuma ya lile gari ikachomoka pikipiki kwa pembeni, kama yeye mwenyewe alivyozoea kuchomoka, ikamkuta katikati. Kisiki akasikia mguu unavunjika kabla hajasikia maumivu. Akawa chini, shavu kwenye lami, na kiatu kimoja hakijulikani kilipo.

Ndipo akaisikia honi. Ndefu, isiyoachia.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana mfano wangu wote umekaa hapa. Aliposikia honi ile, Kisiki alifurahi. Pale chini, mfupa umetokeza, moyo wake ulituna kwa furaha. Akasema kimoyomoyo, wanakuja, wenzangu wanakuja. Akasikia honi nyingine inajibu, na nyingine, na injini nyingi zinamiminika, na machozi yakamtoka kwa shukrani.

Wakafika. Wakaweka pikipiki duara, wakampa migongo. Walimzunguka yule mwenzao aliyemgonga, wakampangusa vumbi, wakamuuliza kama ameumia. Kisha mmoja akageuka, akamsimamia Kisiki kwa juu.

"Kaka, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Mimi mwenzenu," Kisiki akasema. "Mimi ni boda."

"Pikipiki yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi."

Wakacheka. "Kila anayegongwa siku hizi pikipiki yake iko kwa fundi. Na suti hiyo ndiyo sare ya kijiwe gani?"

Kisiki akakusanya pumzi. Akamtafuta kwa macho yule aliyemgonga, kijana wa rika lake tu, usukani umejaa maua ya plastiki. Na swali likamtoka mdomoni kabla hajalijua. "Bima unayo?"

Yule kijana akawanyooshea mkono wenzake wote. "Bima si hii unaiona? Imekuzunguka."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii tumeisema tangu utotoni, lakini kuisema ukiwa umesimama ni tofauti na kuisema ukiwa umelala kwenye lami. Wale wakawasha pikipiki wakaondoka, na mwenzao katikati yao. Kisiki alipelekwa hospitali na mwenye lile gari lililokuwa limesimama kumpisha. Mtu wa gari, mmoja wa wale aliozoea kuwazunguka.

Mguu ulichukua muda mrefu. Mbuzi waliokuwa kijijini kwa mama yake waliuzwa. Cherehani ya mkewe nayo ikaenda, na mke akaanza kushona kwa mkono, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko chuma alichotiwa mfupani. Alipoanza kusimama kwa fimbo hakwenda kwanza kijiweni. Alikwenda sokoni, akaulizauliza, akampata yule mama wa dagaa. Alikuwa amekaa chini, anauza mafungu madogo kwenye ungo. Mkono haukuwa na nguvu tena ya kupandisha ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ndiye niliyekugonga ile siku."

"Nakujua," mama akasema. "Mwenzako aliniuliza nilikuwa naangalia wapi, nikashindwa kujibu, nyie mlikuwa wengi. Nilikuwa naangalia mbele, mwanangu. Ninyi ndio mliotoka nyuma."

Kisiki akaomba msamaha. Mama akampa fungu la dagaa na kumwambia amwambie mkewe awakaange na nyanya nyingi. Alisamehe? Hakusema, na mimi sitamsemea. Lakini Kisiki alirudi tena na tena pale, na siku za gulio ndiye aliyembebea ndoo.

Pikipiki ilipofungwa injini, kituo chake cha kwanza kilikuwa kwenye mwavuli. Safari hii alikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Dada, nipe ile ndogo."

"Kwa ajili ya pikipiki, kaka?"

"Kwa ajili ya mtu wa tatu."

"Kumbe umeshamjua?"

"Namjua," Kisiki akajibu. "Anachechemea."

Kijiweni hawakumpa raha. Kisiki kaogopa, walisema. Kisiki kang'olewa. Yeye akasubiri abiria, fimbo ameifunga kwa mpira ubavuni mwa pikipiki. Mkae mkijua, Mungu hakumnyang'anya ujeuri wake. Aliuhamisha upande.

Maana haukupita muda, honi ndefu ikalia karibu na stendi. Wote wakaruka, na Kisiki naye akaruka, akafika kati ya wa mwanzo. Aliyepiga honi alikuwa mwenyekiti mwenyewe, na koti lake la mvua. Chini alilala mzee mmoja mfagiaji wa barabara, ufagio umekatika, damu inamtoka kichwani. Duara likaanza kufungwa. Mwenyekiti akafungua mdomo, "Mzee, ulikuwa una..."

Kisiki akapenya katikati na fimbo yake, akakaa chini. Alikaa kwenye lami, mguu mbovu ameunyoosha, akakipakata kichwa cha yule mzee, akavua shati na kukifunga.

"Kisiki, ondoka hapo," mwenyekiti akasema.

"Siondoki."

"Uko upande wa nani wewe? Umesahau nani walikufuata ulipoita?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimekaa." Akawatazama wote, mmoja mmoja, watu aliokula nao na kulia nao misiba. "Huyu hana honi, mwenyekiti. Leo nitakuwa mimi honi yake. Kama mnataka kumzunguka, mtuzunguke wawili. Lakini hapa pikipiki haiondoki mpaka mzee apelekwe hospitali na trafiki aje."

Walimzomea. Mmoja alipandisha pikipiki mpaka tairi likagusa goti lake. Kisiki hakusogea, si ndiyo jina lake? Kisha kijana mmoja akazima injini, akasimamisha pikipiki, akaja akakaa upande wa pili wa mzee. Akaja mwingine. Wengi hawakuja, sitaki kuwadanganya. Lakini duara lilivunjika, na mzee akapelekwa hospitali angali anapumua.

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema, hawa bodaboda hawa. Kule nyuma vijana wangu wametulia kama wamemwagiwa maji. Basi vijana, inueni vichwa, mimi sikuwa nawasema ninyi.

Sisi tunayo honi. Yetu haina kelele. Tunaipiga kwa simu, au pale nje baada ya ibada, tumeegemea magari: mpendwa, umesikia wanavyomchafua mzee wetu wa kanisa? Tusimame naye. Na tunafika, wote, na tenzi na vitenge vya sare. Hatuulizi nani kakosa. Tukifika sisi, kosa linahamia kwa yule asiye wa kwetu. Kisha tunaita hilo upendo wa ndugu.

Mnamkumbuka binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa mmoja wetu? Siku tulipofanya kikao cha harusi nyumbani humo, karai la mafuta ya moto lilimmwagikia mkono mpaka kiwiko. Akapewa nauli arudi kwao. Alipokuja hapa kutulilia, tukaita kikao, na swali la kwanza lililoulizwa mezani, mliokuwepo mnalijua. Alikuwa anaangalia wapi?

Alikuwa anaangalia maandazi yenu, wapendwa. Yale mliyoyasifia.

Nimeonywa, kwa upole kabisa, kwamba nikiligusa jambo hili huenda nisiumalize mwaka kwenye mimbari hii. Nimesikia. Mimbari si pikipiki yangu, ni ya bosi, na Bosi ninamjua. Lakini sitakuwa mchungaji wa watu wa kwanza na wa pili tu.

Leo binti huyo yupo. Amenikubalia niwaambie kwamba yupo. Amekaa benchi la mwisho, upande wa kushoto, mkono ameufunika na kanga, na nimeona tangu asubuhi hakuna aliyekaa karibu naye. Sala ya kufunga ataomba mwingine. Mimi nashuka sasa hivi, nakwenda kukaa kando ya dada yetu, na siondoki pale mpaka jambo lake lisikilizwe upya. Benchi lina nafasi.

Mwenye honi na apige.